Mikanda Miwili Begani Mwangu

Jaspal,

Watu huanza barua kwa kuuliza hali. Yako naijua, umekufa, na yangu hukuijali hata ulipokuwa hai, kwa hiyo tuingie kwenye shughuli moja kwa moja. Nimekukasirikia. Nilidhani hasira itapungua nikilala, nikaamka nayo. Na kwa kuwa wewe ndiye uliyeniudhi, sioni kwa nini nimwandikie mtu mwingine.

Mkanda wako ninao. Uko hapa kitandani kwangu Harrow, London, kando ya wangu, na sahani yake ya dhahabu bado ina alama za vidole vyako maana ulikuwa huishi kuushikashika. Wajapani wenye mikanda hii wameniita Tokyo. Ubingwa wa mieleka ya wawili wawili haushikwi na mtu mmoja, unajua mwenyewe. Mmoja akifa, aliyebaki hupanda ulingoni na mikanda yote miwili, akairudisha mbele ya watu, kengele ikapigwa polepole mara kumi kwa ajili ya marehemu. Basi, wengine waanze kugombania. Naondoka Jumamosi. Nilipoomba ruhusa pale depo ya mabasi, bosi aliniuliza kama marehemu ni ndugu yangu. Nilisema ndiyo, kwa kinyongo.

Kwenye ukumbi wetu wa mazoezi Southall wamebandika picha yako mlangoni, ile uliyofumba jicho moja. Kila anayeingia anaigusa kabla ya kuanza mazoezi. Natamani kuwaambia kwamba mtu huyo alikuwa mchoyo.

Ndiyo, mchoyo. Mchezo wetu sheria yake ni rahisi, hata mama yako aliielewa: aliyechoka anajikokota mpaka kwenye kona yake, anamgusa mwenzake mkono, mwenzake anaingia kupokea kipigo. Wewe ulikuwa unapigwa mpaka unalala, mimi nimeegemea kamba, nimenyoosha mkono hadi bega linauma, nakuita kwa Kiswahili ili wapinzani wasielewe: "Njoo huku, we Kalasinga, njoo!" Unanitazama, unacheka na damu mdomoni, halafu unageuka kurudi kupigwa. Nikikugombeza baadaye, jibu lako lilikuwa lilelile, na hiyo lafudhi yako ya Kisumu ambayo miaka yote ya London haikuifuta: "Bado kidogo, Kazungu. Bado nina pumzi."

Pumzi. Mungu wangu.

Siku ile Tokyo ulinigusa mapema. Hata jasho halijakutoka vizuri, tayari umeugusa mkono wangu na kutoka nje ya kamba. Nilifurahi kama mjinga. Nikasema leo hatimaye mwenzangu ameniamini. Nikalibeba lile pambano karibu lote, nikambana yule jitu mabega chini, refa akahesabu mpaka tatu, tukawa mabingwa. Kulikuwa na kelele mpaka nikawa sisikii kitu. Nilikutafuta nikakukuta umekaa kwenye ngazi za ulingo na mkono kifuani. Ukaniambia ni wale samaki wabichi tuliokula mchana. Nikacheka! Nilikucheka, Jaspal, nikakuita Mhindi wa chapati asiyeweza vyakula vya watu. Tukarudi London, na haukupita muda moyo wako ukasimama.

Sasa sikiliza nilivyoupata mkanda wako, maana ugomvi wetu uko hapo.

Siku ya kukuaga, pale ukumbi wa kuchomea maiti, nilisimama mlangoni na kitambaa kichwani kama nilivyoelekezwa. Nikamnyooshea mama yako mkono. Akauangalia, akapita. Mama aliyenilisha kila Jumapili, aliyeniita mwanangu na kunisema kwamba nimekonda! Nilidhani ni uchungu, nikamwacha kwanza. Majivu yako waliyamwaga mtoni Thames. Sikualikwa. Nilisikia kwa watu.

Wiki iliyopita nilikwenda nyumbani kwenu kuuomba mkanda. Alinifungulia, hakunikaribisha kiti. Picha yako iko sebuleni, imevalishwa shada la maua, na kwa mara ya kwanza runinga ilikuwa imezimwa. Akaniambia akiwa amesimama vilevile. Kwamba daktari alikuonya kitambo, moyo wako hauwezi tena kazi hiyo. Kwamba alikukatalia safari ya Japani na kukufichia pasipoti, wewe mzee mzima wa miaka zaidi ya arobaini. Kwamba ulimpigia magoti. "Akasema, Mummy, don't worry, Kazungu anajua kila kitu. Tumekubaliana, yeye ndiye atapigwa, mimi nitasimama kwa kona tu. Basi mimi nikampa pasipoti yake. Nilikuamini wewe, kijana."

Kijana. Si mwanangu tena.

Mimi nilijua nini, Jaspal? Niambie! Tulikubaliana lini, wapi? Tulilala chumba kimoja hotelini, tukala sahani moja, hukufungua mdomo. Ningejua ningekukatalia, ningekukalia juu usiende popote, na wewe ulilifahamu hilo. Ndiyo maana ulininyamazia. Halafu ukalichukua jina langu, jina la mtoto wa watu kutoka Malindi, ukaenda kumlaghai nalo mama yako mwenyewe.

Nilikuwa nimeshafungua kinywa. Maneno yalikuwa tayari: Mama, mwanao alikudanganya, na mimi alinificha. Nilitaka hasa kuyasema. Nilitaka aniite mwanangu tena.

Ndipo akaivuta ncha ya mtandio wake akaanza kufuta kioo cha picha yako, polepole, na hakikuwa na vumbi lolote. Akasema, hata hakunitazama, "Alikuwa mkaidi, alikuwa mtundu sana. Lakini mimi hakunidanganya, hata siku moja. Hiyo ndiyo nimebaki nayo."

Nikafunga kinywa. Halafu nikakifungua tena, nikasema, "Nisamehe, Mama. Nilijua."

Aliingia ndani, akarudi na mkanda umeviringishwa kwenye taulo. Hakunipa mkononi. Aliuweka sakafuni mbele ya miguu yangu akasema nisirudi nyumbani kwake. Niliinama nikauokota. Kwenye treni nililia kuanzia Southall mpaka nilipobadilisha, na watu wa London unawajua, kila mtu alitazama simu yake. Nililia kwa hasira. Huzuni pia ilikuwemo, lakini usivimbe kichwa.

Miaka yote nilikunyooshea mkono ukawa huutaki. Umekuja kunigusa ukiwa umeshakufa, ukatoka nje ya kamba, ukaniachia niingie kupigwa na mama yako. Na mama yako anapiga, Jaspal. Hakuna Mjapani aliyewahi kuniumiza hivi.

Jumamosi nitakwenda. Nitaweka mkanda wako kwanza, kisha wangu, kwa sababu ulipenda sana kutangulizwa. Kengele zikilia nitasimama wima. Nikirudi London, mama yako sitamwambia. Nikipishana naye sokoni Southall akageuza uso, nitamwamkia na kupita. Akiwaambia watu kwamba Kazungu ndiye aliyemuua mwanawe, sitajibu. Nakuahidi hilo, ingawa hukulistahili hata kidogo. Analistahili yeye.

Haya, kwaheri, we Kalasinga mwongo. Lala. Mimi na wewe hatujamalizana, na siku nitakayokuja huko usinijie na kicheko chako na mkono umeunyoosha. Nitakupiga kwanza. Tukishamaliza ndiyo tusalimiane.

Mwenzako,
Kazungu