Kipa wa Timu Iliyofungiwa

Mjukuu wangu Eliya,

Huku Louisville tu wazima. Bibi yako amepona mguu, na shangazi yako wa Columbus amejifungua mtoto wa kike. Mimi unanijua, nguvu bado zipo.

Umeniuliza: ile timu kubwa mnayoshindana nayo imefungiwa, na wachezaji wake wanahamia timu yenu huko Buffalo, sasa ufurahi au uogope kunyang'anywa nafasi? Kule kambi ya wakimbizi Tanzania, timu ya mtaa wa juu ilichezesha mamluki, wachezaji wasio wake, ikafungiwa msimu mzima. Nilishangilia kuliko wote, maana mimi ndiye niliyekuwa kipa wetu, na hakuna aliyedaka kama mimi.

Kesho yake kipa wao akaja mazoezini kwetu, viatu mkononi.

"Kaka, nahamia kwenu."

"Goli lina mtu," nikamjibu.

Kapteni wetu akanicheka. "Mzee wa kelele, mtapigiwa penalti wote wawili. Atakayefungwa kwanza anakaa benchi."

Nikadaka, naye akadaka. Nikadaka tena, naye tena. Penalti moja niliidaka macho nimefumba, lakini usimwambie bibi yako. Mwishowe mpira ukampita yeye, nikabaki golini. Sijawahi kudaka vile maishani mwangu, na ni yule kijana aliyenifanya nidake.

Mpira wenu wa huko, wa kuvaa kofia ngumu na kugongana, mimi siuelewi. Ila ukimwona mgeni wa timu ile anaingia mazoezini, viatu mkononi, usimnunie. Msalimie vizuri, kisha umwoneshe nafasi hiyo ni ya mjukuu wa nani.

Babu yako, kipa