Ute Wako, Kiini Changu

Jumatatu, 3 Machi

Chuma wangu,

Leo tumepimwa afya kazini, pale hotelini. Wote, kuanzia meneja hadi sisi wa kule chini kwenye mashuka. Walipanga viti kwenye korido ya vyumba vya wageni, tukakaa foleni kama watoto wanaosubiri chanjo. Redio, mwenzangu wa pasi, alikuwa nyuma yangu anatangaza nani atakutwa na nini. Unamjua, hawezi kushika pasi bila kushika na habari za mtu. Mimi alinitabiria upungufu wa damu. Mama Chuma, akasema, wewe watakutafuta mshipa mpaka jioni.

Mshipa wameupata mara moja. Nimekutwa na mafuta kwenye damu. Kolesteroli. Daktari ni kijana, mdogo kuliko dada yako, kucha safi kabisa. Ameandika namba kwenye karatasi, akaizungushia duara, kisha duara lingine juu ya lile. Akauliza nakula nini. Nikasema chakula. Akatabasamu, akauliza chakula gani. Nikataja mboga, nikataja wali, mwisho kabisa nikataja mayai. Mangapi? Ya kawaida, nikasema.

Ya kawaida! Ungekuwepo ungecheka mpaka ukae chini.

Nirudi mwisho wa mwezi nipimwe tena. Nimechoka. Wageni wa semina wamelala siku mbili tu lakini mashuka yao kama ya jeshi.

Jumanne, 4 Machi

Nimevunja mayai manne asubuhi. Ute kwenye glasi yako ya bluu, viini kwenye bakuli langu.

Najua hupo. Naandika hivi wazi kwa sababu dada yako anadhani sijui. Najua vizuri. Lori la mchanga, Desemba, wewe unatoka mazoezini. Lakini saa ya chai mkono unafika kwenye trei kabla ya akili, na yai likishapasuka utalifanya nini? Viini navikaanga kwa siagi, nakula nimesimama. Ute nautia kwenye kikopo, nafunika, naweka kwenye friza. Mwanzoni paka wa jirani alisaidia. Naye akachoka.

Kuumwaga siwezi. Nilijaribu siku moja, nikasimama mbele ya sinki hadi nikachelewa kazini.

Alhamisi, 6 Machi

Nilimwambia Redio kuhusu ile namba. Kosa! Kufika saa nne jengo zima linajua, na kila mtu amekuwa daktari. Msimamizi anasema yai ni sumu, jirani yake aliacha mayai akapungua hadi akawa kama henga ya koti. Yule wa mashine ya kukausha anasema hayo ni mambo ya zamani, siku hizi wamesema yai halina neno. Redio akauliza, sasa kama yai ni sumu, kuku mwenyewe mbona hana presha? Tulicheka. Mimi pia. Halafu nikarudi kwenye pasi, kicheko kinanichosha siku hizi.

Nilikuwa nawaza tulianzaje. Ulikuwa na miaka kumi na tisa, mikono kama miti ya kuanikia nguo. Ukarudi siku hiyo na trei ya mayai begani, unatembea taratibu kama umebeba maji. Ukasema Kocha wa mazoezi anataka unywe ute peke yake, ndio unajenga mwili. Viini ukanisukumia. Kula, mama, vitaharibika. Unanijua — chakula kiharibike mbele yangu mimi nimekaa? Nikala. Kesho yake tena. Na kesho yake.

Kabla ya hapo sikuwa mtu wa mayai. Yai lilikuwa la watoto. Lenu wewe na dada yako, na kabla yenu la baba yenu, Mungu amrehemu. Sikuwahi kuvunja yai kwa ajili yangu mimi. Wala sikuona vibaya. Nilikuwa nakula kilichobaki, na siku nyingine kilichobaki kilikuwa kizuri.

Jumapili, 9 Machi

Dada yako amekuja na mtoto. Mtoto amekimbia, akapiga paji la uso kwenye kona ya meza. Kelele. Dada yako akafungua friza kutafuta barafu.

Barafu haipo, Chuma. Hakuna nafasi ya barafu.

Akatoa kikopo kimoja, akakitazama kwenye mwanga. Akatoa kingine. Akaendelea kuvitoa, anavipanga sakafuni, mtoto amenyamaza mwenyewe anaangalia. Aliposhika kile chenye kifuniko chekundu nikamwambia hicho kirudishe. Mayai ya hicho uliyavunja wewe mwenyewe, Chuma, asubuhi ya siku ile ya lori, ukasema utakunywa jioni.

Hakuuliza ni nini. Amekua kwenye nyumba hii, anajua ute wa yai. Akauliza viini viko wapi.

Nikasema nimekula. Vyote? Vyote. Na karatasi yako ya daktari inasema nini? Maana Redio alikuwa amempigia simu, bila shaka. Dada yako akakaa pale pale sakafuni kati ya vikopo, na gauni lake la kutokea.

"Mama, unataka kumfuata?"

Nikamwambia ni mayai tu.

"Mimi sina mwingine," akasema. Sauti ya chini, kama anayeomba chumvi.

Tumevirudisha vyote pamoja, kimoja kimoja. Wakati wa kuondoka akachukua siagi yangu yote akatia kwenye mkoba wake juu ya nepi. Mwizi wa siagi. Nimekaa nikijiuliza lile swali lake. Sikutaka kukufuata. Lakini hata kubaki sikutaka sana.

Jumatatu, 10 Machi

Sikuvunja yai. Chai kavu. Mkono ulizunguka jikoni, haujui ukae wapi.

Jumamosi, 15 Machi

Dada yako hakungoja mwisho wa mwezi. Amenipeleka kwa yule daktari, akakaa pembeni yangu amenishika kiwiko kama askari. Nikasema ukweli. Manne kwa siku. Viini peke yake. Kwa siagi. Karibu miaka mitatu.

Daktari aliweka kalamu chini.

Hakugomba. Alieleza taratibu, na mimi nilisikiliza kwa sababu dada yako alikuwa hapumui. Alisema yai si adui. Watu wengi wakila moja kwa siku damu yao haitikisiki sana, mafuta yanayoganda ndiyo yanayopandisha kolesteroli zaidi, siagi na wenzake. Lakini miili haifanani. Na mimi kolesteroli yangu imeshapanda, na viini vinne vya siagi kila siku ni vingi kwa mtu yeyote. Akasema kolesteroli yote ya yai iko kwenye kiini. Ute hauna hata kidogo.

"Kwa hiyo, mama, kiini tukipunguze. Kula ute."

Alisema hivyo tu, kirahisi, huku anaandika. Kula ute. Ningemwelezaje kwamba ute una mwenyewe?

Siku moja moja anaruhusu yai zima, la kuchemsha. Siagi hapana. Nitembee jioni.

Jumatano, 19 Machi

Nimejaribu. Nimenunua yai jipya, nikatenga ute, nikaukoroga kwenye kikaango bila mafuta na chumvi kidogo. Ladha kama kola ya shati iliyolowa. Nikakukumbuka unavyobana pua, unakunywa yote mara moja, macho yanatoka. Unapigapiga meza. Hiki si chakula, mama, hii ni kazi! Na mimi pembeni na viini vyangu vya siagi, nakucheka. Nilikuwa nakuonea huruma, mtoto wangu anajinyima kitamu.

Nimekula vijiko viwili. Ilikuwa kama kuvaa shati lako. Nikafunika kilichobaki.

Kiini nacho nimekitazama kwenye bakuli. Kikanitazama. Nimempelekea jirani, amekipaka kwenye nywele.

Jumapili, 23 Machi

Kocha amekuja. Ameleta begi lenye vitu vyako vilivyobaki kwenye kabati la mazoezi: mkanda, glavu, taulo. Taulo ni la hapa nyumbani, lile la kijani, limekauka kama ubao. Ni mtu mkubwa sana, kiti kilimlalamikia. Ameomba msamaha kwa kuchelewa, akasema kila alipolishika lile begi alilirudisha.

Nikamtengenezea chai. Tukazungumza. Nikataka kumchekesha kidogo, maana alikuwa haachi kutazama picha yako. Nikamwambia, Kocha, wewe na amri yako ya ute mmeniharibia damu. Nikamweleza yote, na duara la daktari. Nilidhani atacheka.

Akaweka kikombe chini.

"Mimi sikumwambia aache kiini, mama. Nilimwambia ale mayai mazima."

Nikamwambia hapana, ulimwambia, alikuja nyumbani siku ile na trei. Akatikisa kichwa. Akasema wenzako walikuwa wanakutania pale mazoezini, wanakuita Ute, kwa nini unatupa sehemu nzuri. Nawe uliwajibu hutupi. Uliwaambia mama yako hali yai mpaka libaki. Sasa wewe unambakishia kiini.

Kocha alisema hivyo kisha akaomba maji.

Chuma. Ulikuwa unapenda kiini. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unakichimba kwa kidole, unaacha yai limebaki shimo. Nilisahauje?

Basi. Siwezi kuandika zaidi.

Jumatatu, 24 Machi

Nimeunguza shuka. Alama ya pasi katikati, kahawia. Msimamizi akalikunja akalificha. Redio alikaa kimya siku nzima. Siku nzima! Hapo ndipo nilipolia.

Ijumaa, 28 Machi

Natembea jioni. Hadi kwenye ghala la saruji na kurudi. Redio ananisindikiza, ananijazia njia maneno, anajua kila nyumba nani kamwacha nani. Leo nimemwambia aliyosema Kocha. Amesimama barabarani. Akasema, huyo mtoto, Mama Chuma, alikuwa na akili ya kizee. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Wengine wote wameacha kuniita Mama Chuma. Wanaona watanitonesha. Yeye peke yake ndiye anaendelea, na mimi nashukuru. Sijamwambia.

Jumapili, 30 Machi

Umeme umekatika tangu jana mchana. Wanasema nguzo. Wanasema leo, halafu wanasema labda kesho.

Friza inatoa machozi. Nilipoamka kulikuwa na maji hadi chini ya meza. Nilimpigia dada yako, akasema nisishike kitu peke yangu, anakuja, nimsubiri. Nilisubiri kidogo. Kisha nikaona haya ni yangu.

Nimetoa vikopo vyote. Vingine bado vina moyo wa barafu katikati, vingine vimekuwa maji ya rangi ya maziwa. Nimevifungua kimoja kimoja juu ya sinki. Ute hautoki upesi, unajua. Unaning'inia, unafikiri, halafu unakwenda. Mikono imekufa ganzi. Sikulia. Nilikuwa nakusemesha tu, kama zamani nikikuosha kichwa: tulia, karibu tumalize.

Kimebaki kile chenye kifuniko chekundu. Kiko hapa mezani karibu na daftari, kinatoa jasho. Hicho ndicho nitakachomsubiri nacho dada yako. Tutakifungua wawili.

Kesho napimwa tena. Sijui ile namba itasemaje. Nilikuwa sijali, naandika ukweli. Leo naogopa, na daktari akijua naogopa nadhani atafurahi.

Jiko la gesi linawaka. Nimeweka sufuria ndogo. Kwenye trei kulikuwa na yai moja. Sikulivunja. Nimeliosha, nikalitia zima kwenye maji, na sasa linagongagonga chuma kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Si la mtoto. Si lililobaki. Ni langu, nimelichemsha mimi, kwa ajili yangu.

Na hapa nimekwama, mwanangu, usinicheke. Lako nalijua: kiini kiwe laini, kimwagike. La dada yako gumu kabisa, hadi lipasuke. La baba yenu katikati, na pilipili manga. Langu mimi sijui nalipenda vipi. Umri huu wote, sijui nilitoe sasa au niliache kidogo.

Nasikia mlango wa gari nje. Mtoto anaita bibi. Maji yanachemka.

Nitakula lote, Chuma, ute na kiini. Huko uliko, nikumbuke.