Waya za Breki kwenye Ukulele Yangu

Babu, shikamoo.

Hapa Kanyenye sote ni wazima, na kifua cha Mama kimepona.

Umeuliza ukulele yangu mpya, hiki kigitaa cha nyuzi nne, inasemaje. Ilikuwa inasema vizuri. Ni ya saizi wanayoiita tenor, kubwa kidogo kuliko ile ya shuleni. Mbao zake za mkangazi zina wekundu wa chai ya rangi, na sauti yake ni nzito, ya upole. Unajua ninavyoona haya kuimba, lakini nikiwa nayo niliimba hata mbele ya wageni.

Jumapili Mjomba Masanja aliichukua. "Nyuzi gani hizi, za kuvulia samaki?" Akazitoa, akafunga waya za breki za baiskeli, kama mnavyofunga kwenye magitaa yenu ya kuchonga huko Puge.

"Mjomba, hii ni ya nyuzi laini za nailoni, haitaki waya," nikamwambia.

Akacheka. "Tulia, mama. Leo utasikika mpaka Urambo."

Alipozikaza, kibao kinachoshikilia nyuzi kiling'oka na kupasua ubao wa mbele.

"Mbao za dukani mbovu," akasema.

"Mbao ni nzuri. Nilikwambia, hukutaka kusikia." Sauti yangu ilifika uani, mpaka Mama akaacha kuchambua mchele.

Sasa Mjomba anaigundisha. Kila asubuhi namwamkia kwa sababu ni mjomba wangu, lakini hasira haijaisha, na nakuomba usiniharakishe. Akija kukushtakia kwamba nimekosa adabu, mwambie aanze na habari ya waya.

Mjukuu wako,
Nyamizi