Mshokishoki wa Diaca

Jumatatu, 5 Januari

Nimemwagilia miche kabla jua halijakolea. Michungwa, mipera, mistafeli. Palma nzima inajua miche yangu haifi.

Binamu yangu kaja kutoka Mtwara na mfuko wa shokishoki, yale matunda mekundu yenye nywele. Mama mkwe kayacheka, kisha kala kuliko sisi wote. Hapa sijasikia aliyeyaotesha. Nitayaotesha mimi. Kokwa tatu nimeshazipanda kwenye viriba, vile vifuko vya miche. Zilizobaki zinangoja udongo.

Nina sababu yangu. Mama mkwe anataka kurudi kwake Diaca, kule bara. Alikimbilia kwetu wakati wa vita. Sasa majirani zake wameanza kurudi, naye kila siku anaulizia gari. Mimi naogopa. Na nimemzoea. Akiuona mti unakua, atataka kuonja matunda yake. Hiyo ni miaka. Vizuri.

Jumatano, 7 Januari

Balaa. Mama kazipaka majivu kokwa zote zilizobaki, kazifunga kitambaani, kazitundika juu ya moshi wa jiko. Ndivyo Wamakonde wanavyotunza mbegu ya mahindi, fukusi wasiingie. Kokwa ya shokishoki ikikauka imekufa. Nimefoka. Yeye anafungua kitambaa taratibu. Nina hasira na nina haya.

Alhamisi, 8 Januari

Nimemwomba radhi.

"Yameisha, mwanangu. Lakini mbegu gani hiyo isiyotaka moshi?"

Kisha kanisimulia asili ya Wamakonde. Mtu wa kwanza alikuwa peke yake porini. Akachonga gogo, umbo la mwanamke, akalisimamisha nje. Kulipokucha, likawa mke. Mtoto wa kwanza akazaliwa kando ya mto, akafa. Wa pili bondeni, akafa. Wakapanda mlimani, wa tatu akaishi.

Nikauliza huyo mke alisema nini. Mama kasema hadithi haina maneno yake.

Siamini. Mwanamke amezika wawili, akose neno? Naiandika yangu. Kwanza, hakuchongwa. Gogo kavu haliamki. Aliota kwenye kokwa mbichi, nyuma ya nyumba, mwanamume akiwa anahangaika na tezo lake. Na aliyefunga mzigo wa kwenda mlimani ni yeye. Mwanamume alikuwa bado anasema tungoje kidogo, hapa maji yako karibu.

Yangu bora.

Jumanne, 20 Januari

Mmoja umeota! Kauona Mama kwanza. Viriba viwili vingine, kimya. Leo hajaulizia gari.

Jumamosi, 7 Februari

Ncha za majani zimeungua. Nimeuhamisha nyuma ya ukuta, nimeuwekea makuti. Bado. Ni upepo wa chumvi. Mteja angeniletea mche huu ningemwambia mara moja: upeleke bara, hapa hautafika popote.

Mama kauangalia mche, kaniangalia mimi. Ningependa aseme neno, nipate wa kubishana naye.

Jumanne, 10 Februari

Siku nzima nimekasirika bila sababu. Uongo, sababu ninayo. Katika hadithi yangu mimi ndiye yule mwanamume, anayesema tungoje. Mume wangu yuko kazini, jikoni kwenye kambi ya gesi Afungi, zamu yake haijaisha. Nimempigia. Kasema mama yake hajawahi kuomba ruhusa ya mtu, na sisi tusianze kumpa.

Jioni nimemwambia Mama gari lipo Jumapili. Mche aende nao. Kasema ameshafunga mzigo tangu juzi.

Jumapili, 15 Februari

Kaondoka asubuhi, mche kaupakata. Nyumba kubwa ghafla. Nimepika wali wa watu wawili.

Jioni kapiga simu. Wamefika salama. Mabati ya nyumba yake yameng'olewa, atalala kwa jirani. Mche kauweka kivulini. Nikamuuliza mbona hajaupanda, udongo wa kule mzuri.

Kasema hapandi. Mahali pa kuupanda nikachague mimi.

Nimeng'oa magugu mpaka giza likaingia. Zamu ya mume wangu ikiisha tutakwenda.