Makaa ya Mgeni

Dada Nekesa,

Salaam tele kutoka Kibokoni, ambako jua halina huruma. Leo nimemtembelea Bi Zuhura, mama anayepika udi nyumbani kwake. Mnunuzi wake wa ng'ambo anataka aandikiwe kila kinachotiwa ndani na makaa yote yanayochomwa, ajue moshi unaotoka. Bi Zuhura kaandika yote, hata rangi aliyoitia mara moja akajuta.

Nilipoaga, akanifukizia leso yangu, kisha akafungua daftari: "Makaa vipande viwili, mgeni."

Nikacheka. "Bi Zuhura, hayo nani atayajua?"

"Moshi ushatoka, mwanangu. Nitauficha wapi?"

Nami kule kiwandani ninakofanya kazi hujaza fomu za kiasi cha moshi kwa kukisia!

Leso nakuletea bila kuifua, uinuse. Mungu awatunze nyote.

Mdogo wako Nafula, ambaye Jumatatu ataupima moshi kwelikweli.