Waziri wa Unga

Palermo, 14 Desemba

Kwa kaka yangu mpenzi Liborio,

Salamu tele zikufikie huko Tunisi. U hali gani, na wifi yangu je, kikohozi kimemwachia? Sisi tu wazima. Mama magoti yanamsumbua, lakini mdomo, Mungu ashukuriwe, haujambo.

Kaka, jana nusura nife kwa kucheka! Mdogo wetu Rosolino, yule aliyehukumiwa kifo na mfalme wa zamani kwa uasi, si ndiye waziri sasa huko Florensi? Basi zikatufikia habari kwamba serikali yake inataka kila anayesaga ngano alipe kodi kinuni. Loo, mama alivimba! Akaapa kwamba Rosolino akiiunga mkono kodi hiyo, asahau njia ya nyumbani.

Akamwita aje, na siku akaichagua mwenyewe: Mtakatifu Lusia, siku ambayo hatugusi mkate wala tambi, ila ngano nzima ya kuchemsha kwa asali na jibini. Rosolino akaja na koti lake la kiwaziri. Mama akampakulia, akamwambia karibu mheshimiwa, hii haikupita kinuni, hebu tafuta pa kuitoza kodi. Jirani yetu Donna Ninfa akadakia kuuliza kama meno nayo yatalipa, maana yanasaga.

Rosolino anakula tu. Mama akazidi kumsema, kwamba alimficha nyuma ya magunia ya unga askari walipomsaka, na leo unga uleule anautoza! Hapo nikaona machozi yanamlengalenga mama, kicheko kikanikauka.

Rosolino alipomaliza bakuli la tatu akafuta ndevu, ndipo akatoa siri yake: yeye si waziri tena. Kodi itapita, wenzake wanaoitaka ni wengi, lakini aliipinga mbele yao akajiuzulu. Mama akamtwanga mwiko wa bega, akamuuliza kwa nini kamwacha amtukane mchana kutwa bure. Akajibu kwamba huko anaitwa mheshimiwa kila saa, na matusi ya mama ameyakosa mno. Basi vigelegele hivyo!

Leo asubuhi, mama akitoa mkate jikoni, nilimuuliza kama hasikitiki kupoteza mtoto waziri. Akanijibu kwamba zamani aliogopa kuletewa maiti. Rosolino alipopewa uwaziri, mama akaogopa zaidi, asije akaletewa mgeni mahali pa mwanawe.

Nisalimie wifi na watoto. Huku jikoni mheshimiwa anafokewa kwa kuumega mkate ungali moto.

Mdogo wako akupendaye,
Provvidenza