Wanakuja Wenyewe

Jumatatu, 12 Januari

Tisini na nne. Nimehesabu mara mbili, maana mara ya kwanza walikuwa wanahamahama. Watoto tisini na nne wa darasa la awali, chumba kimoja, mikeka mitatu, na mimi. Vizibo vya soda vya kuhesabia havitoshi. Wawili wamejikojolea. Mmoja kamng'ata mwenzake sikio.

Na si hao tu. Nyuma kuna mabinti kumi na mmoja wa darasa la pili na la tatu, wamekaa na wadogo zao mapajani. Wana madarasa yao hao. Kila mwaka hapa Litapunga ni hivi hivi. Mama yuko kwenye tumbaku, dada ndiye mlezi. Anambeba mdogo wake mgongoni, anamvusha korongo juu ya gogo, anamkalisha darasani. Mdogo akilia, dada hatoki. Nimewafukuza mara tatu. Wanatoka kwa mlango huu, wanachungulia kwa dirisha lile.

Siku ya kwanza tu na nimeshachoka.

Jumatano, 14 Januari

Stashahada naisomea kwenye simu. Mtandao unapatikana juu ya kichuguu, nyuma ya choo cha walimu. Elimu yangu yote ina harufu.

Somo la muhula huu: elimu ya awali duniani. Nimelipenda. Ufini hawamlazimishi mtoto kusoma mpaka afike miaka saba. Norwe wanacheza msituni, hata kwenye baridi ya kugandisha maji. Nimecheka peke yangu. Msitu sisi tunao, unaanzia nyuma ya shule mpaka Ugalla huko, na hakuna aliyewahi kuniita mtaalamu.

Kisha Japani. Picha: watoto wadogo, kofia za njano, mabegi mgongoni, wanavuka barabara kwa mstari. Hakuna mama, hakuna baba. Chini wameandika kwamba huenda shule bila wazazi, wakajifunza kujitegemea. Niliiangalia muda mrefu. Nikahifadhi picha. Ukurasa uliofuata sikuufungua. Wingu lilitanda, na juu ya kichuguu si pa kungojea radi.

Jumatatu, 19 Januari

Mwalimu Mkuu kafoka ofisini. Darasa la tatu wanachelewa, wanaingia saa mbili na nusu badala ya saa moja na nusu. Nikamwambia sababu naijua. Inakaa kwangu, mkeka wa nyuma.

Jeneroza ndiye sugu. Ana miaka kumi, mwembamba, mkimya. Anamleta mdogo wake Spesioza, Spesi wanamwita. Mitano ametimiza lakini kwa umbo utasema mitatu. Kikombe chake cha plastiki cha uji kimefungwa kamba, kinaning'inia shingoni asikipoteze. Jeneroza hatoki mpaka Spesi anywe uji. Kila siku. Darasa la tatu na bado kusoma kwake ni kwa kubabaisha.

Nikamwambia Mwalimu Mkuu: wakubwa waje alfajiri yao, wadogo waje saa mbili na nusu. Wenyewe. Nikamwonyesha picha ya kofia za njano. Akasema, itisha kikao.

Ijumaa, 23 Januari

Kikao. Wamekuja wengi, mikono bado ina weusi wa tumbaku. Nimezungumza vizuri, sifichi. Nimesema Jeneroza na wenzake nao ni watoto, nao wana haki ya kusoma. Hilo ni kweli na ninalisimamia. Nimepitisha simu, picha ikaonwa mkono kwa mkono.

Mama Jeneroza akasimama. Kiswahili chake kina Kirundi ndani, anaongea polepole. Akauliza: "Madamu, korongo likijaa, huyu mdogo nani atambeba?"

Nikamjibu kwamba watoto wa wenzetu wanavuka barabara za magari mia, hawa wetu watashindwa gogo moja? Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akakaa, akafunga kitenge vizuri. Akasema nyie ndio mmesoma.

Nilifurahi aliposema hivyo.

Jumatatu, 26 Januari

Wamekuja wenyewe. Mmoja nyuma ya mwingine, mstari mrefu toka korongoni, wanaimba. Machozi yalinitoka kidogo. Mkeka wa nyuma hauna mtu. Mara ya kwanza tangu niajiriwe nimesikia sauti yangu ndani ya darasa hili.

Spesi kalia mpaka uji.

Alhamisi, 29 Januari

Nimepiga picha yangu. Nilienda mpaka karibu na gogo, nikawangoja upande huu, nikawapiga wakivuka. Kazi ya kozi inasema: eleza desturi moja ya nchi nyingine uliyoijaribu darasani kwako. Nimeandika kurasa nne. Kichwa nimeweka "Wanakuja Wenyewe". Nimepanda kichuguuni nikatuma.

Kwenye picha Spesi ni wa mwisho. Yuko peke yake juu ya gogo, amechuchumaa, anavuka kwa mikono na magoti. Nimeliona hilo. Nikaona ni ushujaa.

Jumanne, 3 Februari

Mvua siku tatu. Spesi kaja gauni limelowa mpaka kifuani. Nimelikamua, nikamvisha sweta yangu. Sikumuuliza. Tisini na nne, nitamuuliza nani?

Mchana nimegundua mchezo. Karibu kila siku, ikifika saa mbili asubuhi, Jeneroza anaomba ruhusa ya kwenda chooni. Haendi chooni. Anakimbia mpaka korongoni, anamvusha mdogo wake, anarudi. Leo hakuruhusiwa, ndiyo maana ya lile gauni. Badala ya kufikiria gauni nikafikiria mpango wangu. Nikamsemea kwa Mwalimu Mkuu.

Kachapwa viboko viwili mbele ya mstari. Hakulia. Aliniangalia mimi, si aliyekuwa anamchapa.

Jumatatu, 9 Februari

Siwezi kuandika. Naandika.

Mvua ilinyesha usiku kucha, asubuhi ikakatika. Jua likawaka kama vile hakuna kilichotokea. Saa mbili na nusu wakaanza kufika, wachache, arobaini na kitu, wale ng'ambo ya korongo kama kumi tu. Nikasema mvua, wengine wamebaki kwao. Nikaweka alama za wasiokuwepo. Spesioza nikamwekea alama.

Kuna mtoto, Yohana, anakaa jirani na kina Spesi. Aliingia akasema, "Madamu, Spesi yuko nyuma, anaogopa gogo." Aliniambia mimi. Kwa Kiswahili, wazi kabisa. Nikamwambia keti, atakuja.

Tukaimba. Tukahesabu vizibo mpaka ishirini.

Saa nne, wakati wa uji, Jeneroza akaja mlangoni. Akaangalia mkeka. Akaniangalia. Sijawahi kuona mtu akikimbia hivyo. Mimi nyuma yake na ndoo ya uji mkononi, sijui kwa nini sikuiacha.

Gogo halikuwepo. Maji ya kahawia, yamepanda mpaka kwenye nyasi. Upande wa pili, kwenye tope, ndala moja.

Jeneroza alitaka kuingia. Nilimshika kiunoni. Aliniuma mkono na sikumwachia. Hilo peke yake ndilo nililofanya sawa leo.

Jumanne, 10 Februari

Wamempata saa tisa. Mbali, kwenye majaruba ya mpunga. Wanaume walitoka tangu jana, Wasukuma wenye ng'ombe kule bondeni nao wakaja, na ndio waliomwona.

Kikombe bado kiko shingoni.

Jumatano, 11 Februari

Tumemzika. Mchungaji alisema Mungu ametoa na Mungu ametwaa. Nilitamani anyamaze. Mungu hakuitisha kikao.

Baba Jeneroza kanipa mikono miwili, kashukuru kwa kufika. Kaniletea kiti. Mimi. Kiti. Kwetu Ufipa angekuwepo hata shangazi mmoja wa kunitukana mbele za watu, nikapumua. Hapa wameniletea kiti na sahani ya wali.

Mama Jeneroza alikuwa chini na wanawake. Alikuwa analia kwa Kirundi. Kirundi changu ni cha kuulizia bei ya nyanya tu, lakini jina la mtoto linasikika kwa lugha yoyote.

Jeneroza sikumwona.

Alhamisi, 12 Februari

Mtendaji wa kijiji kaja kuchukua maelezo. Mwalimu Mkuu alishayaandaa. Mtoto alikuwa hajafika shuleni, kwa hiyo hakuwa mikononi mwa shule. Chanzo: mvua. Humo kwenye karatasi kikao hakipo. Saa mbili na nusu haipo. Yohana hayupo. Mwalimu Mkuu aliponisukumia karatasi akasema, "Madamu, fikiria ajira yako." Nikafikiria. Nikatia sahihi.



Jumamosi, 14 Februari

Nimepanda kichuguuni. Nilitaka kuifuta ile kazi. Nimekuta imeshasahihishwa. Alama ya juu kuliko zote nilizowahi kupata. Chini mkufunzi kaandika: kazi nzuri sana, mfano hai, picha inaongea.

Ni kweli inaongea. Nimeikuza mpaka nikaona kikombe.

Kisha nikafungua ule ukurasa wa pili wa Japani. Mwezi mzima ulikuwepo humo kwenye simu, unaningoja. Watoto wa kofia za njano ni wa shule ya msingi, si wa chekechea. Wa chekechea hupelekwa na wazazi. Na hao wa msingi sehemu nyingi hawaendi hivi hivi. Wanakusanyana mtaani, wanakwenda kwa kikundi. Mkubwa anatangulia mbele, mkubwa mwingine anafunga nyuma, wadogo wako katikati. Mkubwa ndiye mwenye dhamana ya wadogo.

Nimesoma mara nne. Jitu zima nimetafuta dunia nzima, Ufini, Norwe, Japani, na kitu chenyewe kilikuwa mkeka wa nyuma. Nikakifukuza. Nikakisemea, kikachapwa viboko.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Mimi hata mtoto sina. Nilikuwa nao tisini na nne.

Jumapili, 15 Februari

Nimeenda kwao baada ya ibada. Kwa kuzunguka, njia ndefu, hakuna gogo. Njiani nilipanga maneno. Nilimkuta Mama Jeneroza kwenye bani la kukaushia tumbaku, anatunga majani kwenye mti wa kuanikia, maana tumbaku haingoji msiba uishe. Nikakaa chini, nikaanza kumpa majani, matatu matatu.

Nikasema yote. Kwamba mpango ulikuwa wangu. Kwamba Jeneroza alikuwa anamvusha kwa siri na mimi ndiye niliyemsemea. Kwamba Yohana aliniambia. Kwamba nimetia sahihi uongo, na kesho nitampelekea Mtendaji maelezo mengine niliyoandika kwa mkono wangu.

Hakuacha kutunga. Akasema, "Tunajua, Madamu. Tulikuwepo kwenye kikao." Halafu baada ya mti mzima kujaa: "Na mimi nilikaa chini."

Hilo nilikuwa sijalitegemea. Anajilaumu yeye. Kwamba alisimama, akauliza swali sahihi kuliko yote yaliyoulizwa siku ile, kisha akakaa kwa sababu mimi nimesoma. Nilimwambia kosa si lake. Akanyoosha mkono kupokea majani mengine. Sidhani kama atanisamehe na sikumwomba. Tukatunga mpaka jua likageuka.

Jeneroza alipita na kuni. Akatua, akaingia ndani.

Jumatatu, 16 Februari

Nimempa Mtendaji karatasi. Kurasa mbili. Kaisoma, kaangalia dirishani, kasema itafika wilayani. Mwalimu Mkuu haongei na mimi. Barua ya kujieleza itakuja, au ya kuondoka. Nilidhani nitaogopa zaidi.

Darasani leo wameripoti kumi na sita. Wazazi wa ng'ambo hawatoi watoto, na wa upande huu wengi nao wamewabakiza. Hata mimi nisingetoa.

Jumatano, 18 Februari

Nimewapitia nyumba kwa nyumba ng'ambo, jana na juzi jioni. Sikuwaonyesha picha yoyote. Nimesema tu nitakuwa korongoni saa moja kamili kila siku, na kwamba dada wanaruhusiwa. Wakubwa wataanza kwangu, kisha nitawapeleka mwenyewe madarasani kwao. Wakichelewa nitachapwa mimi. Mzee mmoja kaniuliza barua yangu ya uhamisho imeshafika au bado. Habari zinatembea.

Ijumaa, 20 Februari

Korongo limeshuka. Maji ya magoti. Wanaume wameweka gogo jipya, nene, na kamba ya kushikilia, lakini watoto bado wanaliogopa. Nilifika kabla ya saa moja, nikavua viatu, nikaingia. Baridi.

Wakaja tisa, na wazazi wao nyuma wamesimama kwa mbali. Nikawabeba mgongoni mmoja mmoja. Si kazi nyepesi. Wa tatu karibu anidondoke, sijui kufunga mtu mgongoni, kwetu nilikuwa kitinda mimba. Wanawake waliona. Hakuna aliyecheka.

Wa nne alikuwa Yohana. Nilipoinama, nikaona miguu mingine ndani ya maji, pembeni yangu. Jeneroza, sare ya shule, sketi kaikunja kiunoni. Hakunisalimia. Akamchukua Yohana mikononi mwangu, akamgeuza, akamfunga kwa kitenge cha mama yake, akakaza fundo. Akavuka. Akarudi kumchukua mwingine.

Nikasogea, nikasimama upande maji yanakotoka, kuwakinga. Tukawamaliza.

Tisa. Wote wamefika.